Baba Anaumwa Kidogo

Mliniacha wiki jana nimekaa ukingoni mwa kitanda cha kambi, viatu vya mpira mkononi, kocha amesimama mlangoni ananiambia, "Kushoto, kesho unaanza."

Kwa wale waliokosa gazeti, nawafupishia. Kushoto ni mimi, na jina lenyewe nilipewa kwa ajili ya mguu. Timu ilinichukua kwa majaribio ya msimu mmoja. Ligi haijachanganya, goti likaniangusha. Goti lilipopona, nikamkuta winga mkongwe tunayemwita Babu ameing'ang'ania namba yangu kama kupe. Nikakaa benchi mpaka nikakijua kila kipande cha ubao wake. Na kocha alishasema wazi kwamba anayemaliza msimu bila kucheza, hana mkataba, arudi alikotoka.

Kwa hiyo ile "kesho unaanza" ndiyo iliyokuwa riziki yangu. Mtu mwingine angeruka mpaka dari. Mimi nilisema, "Sawa, kocha," nikaendelea kuchomeka kamba kwenye viatu. Tangu lile goti kuna kitu ndani yangu kilishikwa na ganzi, hakikuzinduka. Watu wakicheka, nacheka. Wakinyamaza, nanyamaza.

Haya. Asubuhi yake tuko ukumbi wa chakula, tunakunywa chai.

Kambini simu ni mwiko. Siku moja kabla ya mechi meneja wa timu hupita na begi, kila mtu anatumbukiza yake, na huioni tena mpaka mpira uishe. Ndiyo maana tunamwita Posta. Ukipigiwa anapokea yeye, na likiwa la maana anakuletea.

Posta akaingia. Hakuwa na ule mwendo wake wa kupiga soga kila meza. Alikuja moja kwa moja kwangu, akaniwekea mkono begani.

"Kushoto, mwanangu. Shangazi yako amepiga."

"Anasemaje?"

"Anasema baba yako anaumwa kidogo. Uende nyumbani."

Vijiko vyote vikanyamaza.

Nyie mnaosoma mnajua. Hakuna mtu anayeitwa kutoka mbali eti kwa sababu mzazi anaumwa kidogo. Ukiambiwa anaumwa sana, una bahati, utamkuta. Ukiambiwa ni mahututi, kimbia, huenda ukawahi. Lakini ukiambiwa "anaumwa kidogo, njoo," wewe funga begi tu na utafute nguo nyeusi. Ndivyo tunavyoambiana, ili mtu asianguke njiani.

Mimi neno hilo nilishawahi kuletewa. Nilikuwa darasa la nne, shangazi huyu huyu akaja kusimama mlangoni mwa darasa, akasema, "Mama anaumwa kidogo, twende." Tulipofika nikakuta viti vimepangwa nje.

Kwa hiyo sikuuliza anaumwa nini. Posta alinirudishia simu yangu, imezima, na sikuomba chaji. Ungekuwa wewe ungepiga? Ukipiga watakwambia. Usipopiga, baba bado anaumwa kidogo.

Wa kwanza kusimama alikuwa Babu. Huyo huyo aliyenikalisha benchi msimu mzima. Alinikumbatia mpaka chai ikanimwagikia mapajani.

"Pole sana, mdogo wangu. Ndiyo dunia hiyo."

Wakafuata wengine, mmoja baada ya mwingine, mpaka wapishi. Hakuna aliyetamka kwamba mtu amefariki. Hilo naomba mnisaidie kulikumbuka: hawakulitamka wao, sikulitamka mimi.

Kocha akaja mwisho. Kocha wetu ni mtu mgumu, ukimwona anatabasamu ujue kuna mchezaji anauzwa. Na kambi nzima inakijua kiapo chake. Mwaka uliopita kipa wa akiba, aliyebatizwa jina la Mfiwa, aliomba ruhusa akamzike bibi yake. Baada ya muda akamzika tena. Halafu siku moja bibi mwenyewe akaja uwanjani na mwavuli wake, kumtazama mjukuu akidaka. Kocha alimfukuza mapumziko, mechi haijaisha, kisha akatukusanya sote.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Atakayemuua mtu aliye hai ili atoke kambini kwangu, afungashe moja kwa moja. Sitamsikiliza, hata aje na nani."

Sasa kocha huyo ndiye aliyenishika kichwa kwa mikono yake miwili.

"Nenda, mwanangu."

"Na mechi, kocha?"

"Mechi zipo. Baba ni mmoja."

Nikapanda chumbani nikafunga begi. Nilikuwa najisubiri nilie. Nikasubiri kwenye ngazi, nikasubiri getini. Hakikuja kitu.

Niwaambie kidogo habari za mimi na baba, mjue nilikuwa naenda kumzika nani.

Baba yangu ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Alitaka nishike mashine baada yake, na tangu nikiwa mdogo alishanishonea hadi aproni. Siku niliyomwambia nimepata timu hakugomba. Alichukua mpira wangu, akauweka chini ya msumeno wa kukatia chuma, akaukata vipande viwili, kisha akaendelea na nondo aliyokuwa anaikata.

"Ukitoka na begi hilo," akasema, "usije ukarudi kuniambia umeumia."

Nilitoka. Na nilipoumia sikumwambia. Hatukusemezana tena.

Kwa hiyo nilikuwa nakwenda kumzika mtu ambaye hatukuagana. Ndani ya basi nilijiambia maneno hayo mara kwa mara, makusudi, nione kama yatauma. Hayakuuma.

Dereva akafungulia mpira kwenye redio. Mechi yetu, nyie. Mtangazaji akasema, "Kabla filimbi haijalia, ndugu msikilizaji, wachezaji wamezunguka duara la katikati. Dakika moja ya ukimya, kumkumbuka baba mzazi wa winga wao kijana, Kushoto, aliyefariki dunia."

Basi. Hapo ndipo lilipotamkwa, na aliyelitamka simjui hata sura.

Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akashika kifua. "Masikini ya Mungu! Na huyo mtoto sijui hata kama kala."

"Sijui, mama," nikasema.

"Wewe mpira unaupenda?"

"Kidogo."

Akanimegea mkate wake. Nikala.

Namba yangu alicheza Babu. Na akafunga! Mtangazaji akapayuka kwamba Babu amevua jezi, na fulana ya ndani imeandikwa kwa wino POLE KUSHOTO, na mwamuzi hana huruma, amemtolea kadi ya njano. Basi zima likapiga makofi. Yule mama akalia kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa nawaza kwamba kwa bao hilo Babu sasa namba hatoi tena.

Jua lilikuwa limeshalegea nilipofika kwetu. Nikatazama nje ya nyumba. Hakuna kiti hata kimoja. Hakuna watu. Nikasikia redio inaongea kwenye karakana ya baba, nikaingia.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda. Shavu moja limefura utadhani amebugia kiazi kizima, na kitambaa cheupe kimezungushwa kutoka kidevuni mpaka utosini, kikafungwa fundo juu. Alinitazama. Nikamtazama.

"Kumbe nimekufa," akasema kwa shida, akaionyesha redio kwa kidole. "Mbona hamkuniambia?"

Sasa nisikilizeni, maana hili sijawahi kumwambia mtu. Mwana mwema angeanguka pale akamshika miguu. Mimi kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa shukrani. Nilijiambia: nimekwisha. Baba yangu yu hai, na mimi kazi sina. Nilisimama pale na begi begani, nikimchukia kidogo kwa kuwa mzima.

Shangazi akatoka ndani na bakuli la maji ya chumvi. Shangazi yangu ni mtu wa kukujibu kabla hujamaliza kuuliza.

"Umekuja! Nilijua tu utakuja."

"Shangazi, si ulisema baba anaumwa?"

"Kwani huyo mzima? Shavu hulioni?"

"Ulisema anaumwa kidogo!"

"Na jino ni kuumwa sana? Nimesema anaumwa kidogo, na kweli anaumwa kidogo. Ulitaka nidanganye?"

"Shangazi, maana yake unaijua. Ulikuja kunitoa darasani kwa maneno hayo hayo."

Akaliweka bakuli juu ya meza ya vyuma. Akanyamaza kidogo, na shangazi kunyamaza si jambo dogo.

"Naijua," akasema. "Na ningesema ni jino, ungekuja?"

Jibu analijua.

"Ana homa," akaendelea. "Kung'olewa hataki. Akipitiwa na usingizi anakuita wewe, kwa jina, mpaka majirani wanasikia. Akiamka ukimuuliza, anasema lilikuwa jino linaongea. Mimi nimechoka kukaa katikati ya wanaume wawili wenye vichwa vya chuma."

"Sijamwita mtu," baba akasema ndani ya kitambaa.

Nikaazima simu ya shangazi nikampigia Posta. Kelele za ushindi zilikuwa nyuma yake.

"Meneja, ni Kushoto. Nimefika."

"Pole, mwanangu. Pole sana. Afadhali umewahi."

"Meneja, nisikilize. Baba hajafa."

Halafu nikamsikia anavuta kamasi.

"Najua, mwanangu," akasema. "Hata mimi wangu alipoondoka nilisema hivyo hivyo. Hawafi hawa, tunabaki nao. Jikaze. Kesho asubuhi tunakuja, timu nzima, na kocha mwenyewe. Basi limeshatiwa mafuta."

Akakata. Nikapiga tena, inatumika. Nikapiga tena, haipatikani.

Ningeweza kuendelea kupiga mpaka apokee. Sikuendelea. Nilimrudishia shangazi simu yake, nikaenda kulala na viatu.

Asubuhi msiba ukaanza kujijenga wenyewe.

Watu wa mitaa ya mbali walikuwa wamesikia redio. Wakaja na viti, wengine na kuni. Shangazi akasimama getini kuwarudisha. Kuna waliofurahi wakaondoka, kuna waliokasirika kana kwamba tumewaibia, na kuna waliosema, "Tumeshafika, acheni tukae tu." Kinyozi wa jirani alipita dirishani, akamwona marehemu anasukutua mdomo, akaangusha benchi alilobeba.

"Fundi!" akacheka mpaka akakaa chini. "Umeamua kupokea rambirambi zako mwenyewe? Hukumwamini ndugu yeyote?"

Baba akamtemea maji ya chumvi miguuni.

Kinyozi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona basi. Alitoka kwenda kumwaga takataka, akarudi mbio.

"Jamani, kuna basi kubwa kule kona, lina picha ya mpira ubavuni. Wanauliza njia. Mbele wamebeba shada la maua lenye ukubwa wa tairi."

Nikakaa kwenye ngazi.

"Semeni mmeshamzika," kinyozi akasema.

"Wataomba kupelekwa kaburini. Shada wataliweka wapi, kichwani kwako?" shangazi akamjibu.

"Basi yuko hospitali, mwili haujatolewa."

"Wana basi zima," nikasema. "Watasema twendeni wote tukamchukue."

"Basi tuwaambie ukweli!" shangazi akapiga kofi paja lake. "Aliyepiga simu ni mimi. Nitasimama mbele ya huyo kocha nimweleze."

"Hasikilizi, shangazi," nikasema. "Aliapa mbele ya watu. Hata aje nani."

Muda wote huo baba alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye shavu.

"Wakinikuta hai watakufukuza?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Kwa kosa la mimi kutokufa."

"Ndiyo."

"Na wewe unataka kubaki kwao."

Hajawahi kuniuliza swali lolote la mpira, maisha yake yote. Nilitaka kumjibu vizuri. Likatoka neno moja.

"Nataka."

Akanitazama miguuni. Nilikuwa nimevaa kaptula, na kovu la goti lilikuwa wazi.

"Hilo nini?"

"Niliumia."

"Lini?"

"Mwanzoni mwa msimu. Limepona."

Nilisubiri aniambie kwamba alinionya. Aligeuka akaingia chumbani kwake, tukamsikia anavua viatu, kimoja, halafu kingine.

Tulipoingia alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha chuma alichokichomelea mwenyewe siku za mama. Miguu ameinyoosha. Mikono ameiweka pembeni.

"Nifunikeni," akasema. "Kitambaa kiacheni, kinafaa."

Shangazi akaanza kucheka, kisha akawa analia, kisha akamtandika kofi la mgongo kinyozi aliyekuwa anacheka peke yake. Akafungua kabati akatoa shuka jeupe, akalitandaza juu ya kaka yake kuanzia miguuni.

"Fundi, usipumue kwa nguvu," kinyozi akanong'ona.

"Nipumulie wapi? Pua imeziba."

"Basi usipumue kabisa."

"Toka, wewe."

Honi ikalia nje. Shangazi akamfunika uso.

Waliteremka wote, suti za timu, vitambaa vyeusi mikononi. Posta anajifuta macho. Babu amebeba shada, akalitua chini ili anikumbatie tena. Uani kwetu waliojua walikuwa wengi kuliko wasiojua, lakini hakuna aliyefungua mdomo. Kinyozi alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yanaruka, na mmoja wa mabeki wetu akaenda kumpigapiga mgongoni akimwambia, "Jikaze, mzee, jikaze."

Mimi nilikuwa nashikana mikono na kila mtu. Asante. Asante kwa kuja. Tumepoa. Mdomo wangu ulikuwa unafanya kazi hiyo vizuri tu, bila kunihitaji.

Kocha akaja akasimama mbele ya shangazi, kofia kifuani.

"Mama, naomba nimwone."

"Mwanangu, hayuko katika hali ya kutazamwa," shangazi akasema, na hapo wala hakudanganya.

"Simfunui. Nataka kumwambia neno tu. Kijana atanipeleka."

Ungefanyaje? Nikampeleka.

Chumba kile ni kidogo. Kitanda, kabati, kigoda, dirisha lenye nondo za maua alizozikunja baba. Mlango tukaurudisha. Kocha akavuta kigoda, akakaa karibu kabisa na kichwa cha kitanda. Mimi nikasimama upande wa miguu, nikawa natazama shuka juu ya kifua cha baba. Lilikuwa linapanda na kushuka, polepole mno. Nikasogea nimzibe kocha mwanga wa dirisha.

"Mzee wangu," kocha akaanza, sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia uwanjani. "Hatukuwahi kuonana. Nilipanga tuonane siku ya kumsainisha kijana mkataba wa kweli. Mkataba uko tayari, mzee. Nilishaamua kabla ya mechi ya jana. Nilitaka tu acheze, ajue mwenyewe kwamba hakuhurumiwa."

Nyie. Mkataba nilikuwa nao tayari. Ningesema ukweli tangu jana, ningepiga ile simu mpaka ipokelewe, pengine tungecheka. Sasa nilikuwa nimemlaza baba yangu hai chini ya shuka la wafu, na kocha anaongea naye.

"Siku ya majaribio," kocha akaendelea, "nilimuuliza, mguu huu umefundishwa na nani? Akaniambia, na baba. Akasema kila jioni ulikuwa unazima mashine mapema, unaegemeza fremu ya geti ukutani, unasimama golini na glavu zako za kazi, unamwambia piga, usiogope, piga. Nikasema moyoni, mtoto aliyelelewa hivyo mimi simwachi."

Hayo nilimwambia kocha, kweli. Na hakuna hata moja lililotokea. Baba hakuwahi kusimama golini, hakuwahi kuzima mashine mapema kwa ajili yangu. Kocha aliuliza, mimi nikataka kuwa na baba wa namna hiyo, likanitoka. Sikuwahi kufikiri kwamba mwenyewe atakuja kulisikia.

"Kwa hiyo nimekuja kukushukuru," kocha akasema. "Asante kwa mguu ule, mzee. Nenda salama."

Shuka likatikisika.

Mwanzoni kidogo tu, pale kifuani. Nikafikiri ni jino limemchoma. Nikakohoa kwa nguvu nimfunike. Likatikisika tena, na safari hii ikatoka sauti, ile ya mtu mzima anayejaribu kung'ata kilio chake kwa meno, na meno yenyewe mabovu. Kitanda cha chuma kikaanza kulia pamoja naye. Baba yangu hakulia siku ya mama. Nilikuwepo, nilimtazama siku nzima.

Na mimi ile ganzi ikaniachia. Iliniachia mara moja, kutoka kooni kwenda chini, na iliuma, jamani, iliuma kuliko goti. Nikaona mkono wa baba unatoka pembeni ya shuka, mkono wake wenye madoa ya moto, unapapasa hewani. Ulikuwa unanitafuta mimi.

Kocha hakupiga kelele. Hakuruka. Aliutazama ule mkono, kisha akainua macho akanitazama, anasubiri aone nitafanya nini.

Nikaushika.

Nikapiga magoti kwenye saruji, juu ya goti langu bovu, nikaushika mkono wa baba kwa mikono yangu miwili mbele ya kocha wangu. Nje Posta alikuwa anawapanga wachezaji mstari, waingie wamuage.

Kocha akasimama. Akavaa kofia yake. Akaenda mlangoni, akaufunga kwa ndani.